Mbatata Machoni mwa Baba

Mpaka leo, mbatata ikikatwa duara mbele yangu siioni kama chakula. Naona macho ya Baba. Wanangu wanajua tu kwamba mzee wao hali chipsi, na wajukuu hunicheka, wakidhani ni maradhi ya uzee.

Ijumaa iliyopita nilikuwa mjini Nizwa, kwa binti yangu. Nimeshavaa kanzu iliyopigwa pasi na kilemba, ufunguo wa gari mkononi, nangoja wanangu wamalize kunifunda maneno ya kwenda kusema. Mwanangu wa pili, Harith, ambaye ameshapita arubaini, amewacha kazi ya benki, kazi ya meza na kiti cha kuzunguka, na sasa anapanda ngazi kutengeneza viyoyozi vya watu. Nduguze wamefadhaika. Meneja wake wa zamani namjua, tumesali msikiti mmoja muda mrefu, na wote wakaona niende nikamwombe amrudishe Harith kitini. Nilikubali. Nyinyi wenzangu wa umri huu mnajua tunavyokubali: mtu akishastaafu huwa haombwi kitu tena, basi siku akiombwa hufurahi kabla hajafikiri.

Binti yangu alikuwa jikoni anakata mbatata. Ile harufu yake mbichi, ya udongo na maji, ikanifikia pale nilipo. Nikakaa. Safari ile ya kwenda kuombea mtu kiti nilikuwa nimeshaiendea mara moja, kwa miguu, nikiwa mtoto wa skuli, mjini Ibra.

Tulikuwa wageni Ibra, ingawa kaburi la babu yake Baba liko pale. Baba alizaliwa Unguja, na mimi na dada yangu Zuwena tulizaliwa Unguja. Tulifika Oman na masanduku, na Kiarabu chetu kilikuwa cha chuoni, kinatosha Kurani lakini hakitoshi sokoni. Ila Baba alijua kupiga taipu na alijua Kiingereza cha barua, na nchi ndio kwanza ilikuwa inafungua ofisi zake. Hakumaliza hata kufungua masanduku akapewa meza.

Ofisi ile niliipenda mimi kuliko yeye. Nikitoka skuli napita huko, nakaa chini ya mashine ya baridi iliyotiwa dirishani, inayodondosha maji ndani ya kopo la maziwa. Baba alikuwa akiniruhusu kupiga mhuri kwenye karatasi zilizoharibika. Watu wazima wenye majambia walisimama Baba akipita. Kanzu yake ilinukia wanga na uturi, na mfuko wake wa kifuani ulikuwa na kalamu mbili, moja nyeusi na moja nyekundu. Nilidhani mtu mkubwa ni yule mwenye kalamu nyekundu.

Siku moja alirudi adhuhuri, akaziweka kalamu zote mbili juu ya kabati, akamwambia Mama, "Nimemaliza."

"Umemaliza nini? Chakula bado."

"Si chakula, Mama Zuwena. Ofisi."

Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso. "Na huko Al Kamil, kila Alkhamisi, ulikuwa unakwenda kumzuru jamaa gani?"

"Fundi."

"Nilijua. Jamaa gani huyo, kanzu inakwenda nzima inarudi na matundu ya moto?"

Huko Al Kamil, kando ya njia ya Sur, kulikuwa na fundi wa Kipakistani anayechomelea mageti ya chuma. Wakati ule nyumba za saruji zilikuwa zinaota kama uyoga, na kila nyumba ilitaka geti lake lenye nakshi: dele la kahawa, mtende, jambia, na rangi ya kijani na dhahabu. Baba alikuwa amekwenda huko kujifunza kwa siri, mtu mzima mwenye mvi, amechutama kwenye mchanga kama mtoto wa chuoni. Sasa alikodi duka nyuma ya soko la Ibra, akatia mashine ya dizeli na vijiti vya kuchomelea, akaanza.

Mji haukulala na habari hiyo. Asiyejua mambo ya bara ya Oman ya wakati ule atashangaa, kwani aibu iko wapi? Aibu ilikuwa hapa: chuma kilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na koo zilizofua vyuma tangu na tangu, watu walikula kwa majembe na visu vyao, halafu hawakuwaposa wala kuwaozesha. Mtu wa kabila lenye jina kushika nyundo ilikuwa sawa na kutoka nje bila nguo.

Ami Seif alikuja jioni ile ile. Ndiye kaka yake Baba, aliyebaki Ibra wazee walipohamia Unguja, na hakuwahi kutoka. Alikuwa na ndevu nyeupe, bakora, na Kiswahili cha maneno machache alichojifunza kwa kutugombeza. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema kwa Kiarabu maneno ambayo mimi niliyashika nusu, na kwa Kiswahili akamalizia, "Zuwena nani ataoa? Sema! Nani?" Wakati huo kulikuwa na watu wa Samad, mji wa jirani, walioleta maneno ya posa kwa ajili ya dada yangu.

Skuli nako nilikiona cha moto. Wenzangu walipiga rula kwenye dawati, ting, ting, ting, kila nikiingia. "Mwana wa mhunzi! Baba yako atutengenezee viatu vya punda!" Mmoja aliniuliza kama nyumbani tunalala kwenye majivu. Nilipigana naye, nikapigwa.

Nikaanza kupita dukani kwa Baba kwa kujificha, nikimchungulia kutoka nyuma ya ukuta wa udongo. Nilichokiona kilinivunja moyo. Baba alikuwa na ngao ya uso, yenye kidirisha cha kioo cheusi. Mtu akipita njiani, Baba huitelemsha ngao. Ami Seif akipita na Land Rover yake, ngao chini. Mwalimu wetu akipita, ngao chini. Hakuna aliyewahi kunieleza ngao ile ni ya nini, na mimi sikuuliza. Njia ile haikosi watu na Baba alikuwa akichomelea kutwa, lakini hesabu hiyo sikuipiga. Niliona ninachotaka kukiona: Baba anaficha uso kwa haya.

Kisha yakaja machozi.

Baada ya sala ya magharibi Baba alikuwa analala chali mkekani, machozi yanamtoka pembeni mwa macho yanaingia masikioni. Mama anakaa kichwani kwake na sahani, anakata mbatata mbichi duara, anamwekea moja kila jicho. Zikipata moto anazibadilisha. Nilikuwa nasikia akimwambia taratibu, "Vumilia, Baba Zuwena. Itapita."

Siku ya kwanza nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Mama akanivuta pembeni. "Habari hii isitoke nje ya mlango. Ami yako akisikia atapata la kusema."

Basi nikajua yote, au nikadhani nimeyajua. Baba anajuta. Analia, Mama anamziba macho kwa mbatata ili sisi tusiyaone machozi, na haya zinamzuia kurudi kuomba kazi yake. Sitasema nilikwenda ofisini kumwombea kwa ajili yake peke yake. Nilitaka rula zinyamaze. Niliitaka mashine ya baridi na kopo lake la maziwa. Lakini ndani yake kulikuwa na mapenzi pia, na ndiyo yaliyonipa ujasiri.

Mkubwa wa ofisi ile aliitwa Sheikh Khalfan. Alikuwa mtu wa Ibra aliyewahi kufanya duka Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Nilimkuta anakula tende. Nikambusu mkono.

"Shikamoo."

"Marahaba, kijana. Umekuja kupiga mhuri? Aliyekuwa akikupigisha amenikimbia."

"Nimekuja kukuomba umrudishe."

Akatema kokwa. "Amekutuma yeye?"

"Hapana. Hawezi kusema. Analia."

"Nani analia?"

"Baba. Kila siku magharibi. Mama anamwekea mbatata machoni."

Sheikh Khalfan alinitazama muda mrefu. Sasa hivi najua alikuwa anajaribu kuelewa mbatata zimeingiaje. Kisha akapangusa mkono, akanishika bega, akasema, "Nenda nyumbani. Mimi na ami yako tutakuja." Nilirudi narukaruka.

Walikuja Alkhamisi baada ya alasiri, wawili. Baba alikuwa ametoka dukani, ameoga, macho mekundu kama ya mtu mwenye homa. Walikaa barazani, na mimi, kwa kuwa ndimi mtoto mwanamume, nikazungusha tende na kumimina kahawa. Nilijaza finjani ya Sheikh Khalfan, nikajaza ya Ami Seif. Wakazipokea kwa mkono wa kulia, kama inavyopasa. Kisha wote wawili wakaziweka chini mkekani bila kuzigusa mdomoni.

Nikadhani sukari imekosekana. Nilikuwa mgeni kweli.

Kwa watu wa bara ya Oman, mgeni mwenye haja akiiweka finjani chini, mwenye nyumba amekwishafungwa. Atamke atoe kile anachotakiwa, ndipo kahawa inywewe. Wageni wakiondoka na kahawa imebaki, mwenye nyumba hana tena uso mjini. Baba aliijua desturi hiyo, baba yake alimfundisha Unguja. Nilimwona ametulia ghafla, kama mtu aliyesikia mlango unafungwa kwa nje.

"Kunywa hapana," Ami Seif akasema. "Haja kwanza."

"Haja gani isiyongoja kahawa, kaka?"

Sheikh Khalfan ndiye aliyejibu, kwa upole. "Kiti chako hakijakaliwa, Nasor. Jumamosi uje. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi." Akanionyesha kwa kidevu. "Mwanao amenijia. Ameniambia unavyolia kila siku. Mwanamume mwenzangu, hakuna aibu katika kujuta."

Baba alinigeukia na yale macho yake mekundu. Nilingoja kofi. Badala yake akaanza kucheka, kicheko cha kikohozi, huku machozi yanamtoka upya.

"Ni kweli nalia," akasema. "Nalia kama mkata vitunguu! Ule mwanga wa kuchomelea ukiutazama kwa macho matupu, hata kwa kupepesa, jioni unahisi umetiwa mchanga machoni. Ngao ndiyo ya kuuzuia, na mimi bado mzito, kijiti kinawaka kabla sijaitelemsha. Mbatata ni dawa ya yule fundi wa Al Kamil. Huyu mtoto ameona maji, akadhani msiba."

Sheikh Khalfan alicheka naye. Ami Seif hakucheka. Alipiga bakora chini.

"Kama hulii kwa kujuta, basi ndio vibaya zaidi!" Akaendelea kwa Kiarabu, nami nayaandika kama nilivyokuja kuyaelewa. "Chuma kina wenyewe, Nasor. Sisi hatukuzaliwa nacho."

"Sisi tulizaliwa na nini, Seif? Na kalamu? Babu yetu hakujua kusoma. Kisima alichokichimba kwa mikono yake ndicho unachotilia udhu mpaka leo."

"Kisima ni kisima. Zuwena je?"

"Atakayemtaka Zuwena atapita kwenye geti langu. Akiona zito, arudi."

"Basi sisi hatunywi."

Kahawa ilikuwa inapoa, na mimi niliyekuwa nimeanza kufahamu kwa nyuso zao kwamba pana jambo kubwa, nilitamani ardhi inimeze. Baba alizitazama zile finjani mbili. Alifumbua mdomo. Na mpaka leo sijui angesema nini, kwa sababu pazia la ndani lilifunguka.

Wanawake wa Ibra hawakuwa wakitoka mbele ya wageni wanaume. Mama alitoka. Kanga imemfunika kichwa na mabega, sinia mkononi: birika la chai ya maziwa yenye tangawizi, vikombe vya maua tulivyokuja navyo kutoka Unguja, na vitumbua.

"Masalkheri, masheikh." Akapiga magoti, akaziokota zile finjani, akazimwaga kwenye beseni la kunawia, moja baada ya moja. "Kahawa imepoa hii! Mtanitia aibu gani, mnywe kahawa baridi nyumbani kwangu?" Akamimina chai. Akampa Sheikh Khalfan kikombe mkononi. "Bismillahi, sheikh. Chai haingoji."

Sheikh Khalfan alikitazama kikombe. Akamtazama Ami Seif. Akanusa, sharubu zikacheza. Akanywa.

"Khalfan!" Ami Seif akapiga kelele.

"Tulisema hatunywi kahawa, yaa Seif," akasema Sheikh Khalfan, na akachukua kitumbua. "Hii si kahawa. Wallahi, tangu Tabora sijaionja."

Ami Seif aliinuka, akavaa viatu vyake, akaondoka. Sheikh Khalfan alibaki, akanywa kikombe cha pili, wakazungumza na Baba bei ya chuma. Habari ya kiti haikutajwa tena.

Nilimwuliza Mama mara nyingi, hata nilipokuwa mtu mzima, kama aliijua desturi ile au hakuijua. Jibu lake lilikuwa moja: "Mimi niliona kahawa imepoa."

Haikuwa bure. Watu wa Samad hawakurudi. Zuwena alikaa, watu wakasema, mpaka akaja kijana wa Sur, wa nyumba ya maseremala wa majahazi, watu wasioona aibu ya nyundo. Na Ami Seif hakukanyaga kwetu mpaka siku ya harusi hiyo, alipoingia kwa kupita katikati ya geti bila kuligusa, kama linachoma.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya kahawa, Baba alinichukua dukani. Hakunipiga. Alinivika ile ngao, nzito, inanuka jasho lake na moshi wa chuma, dunia yote ikawa giza. Kisha akajifunika kwa ngao ya akiba, akawasha. Ndani ya giza nikaona nyota moja ya kijani, na chini yake chuma kinayeyuka kama samli, vipande viwili vinakuwa kimoja. Nilisahau rula.

Aliponivua akasema, "Umekwenda kuniombea msamaha kwa kosa nisilolifanya. Siku nikitaka kulia, nitakuambia mwenyewe."

"Kwa nini umeiwacha ofisi, Baba?"

Aliweka mkono juu ya geti lililokuwa bado na joto. "Ujana wangu wote nimeandika. Hakuna mtu aliyewahi kukifungua kitu nilichokiandika akaingia ndani akapumzika."

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningekuwa mtu mwema ndani yake. Lakini mimi nilisoma mpaka sekondari, nikaomba meza, nikapewa, na nikakaa hapo mpaka kustaafu, kwa sababu sikuwa na kifua cha Baba. Na siku nilipokwenda kuposa, mkwe wangu aliponiuliza mzee wangu anafanya kazi gani, nilisema, "Alikuwa karani." Baba alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Makovu ya cheche yamemjaa mikononi. Hakunisahihisha. Aliomba maji. Amekufa, na jambo hilo hatukulisema tena baina yetu, na hakuna siku inayopita bila kunirudia. Wenzangu wengine hujuta mali waliyopoteza. Mimi najuta neno "alikuwa".

Haya ndiyo yaliyonipata kwenye kiti, Nizwa, kwa harufu ya mbatata. Wanangu hawakujua. Waliona mzee amekaa na kilemba chake wakadhani nimechoka, wakaniletea kahawa. Binti yangu akamimina, akawapa na nduguze. Kisha mkubwa wao, niliyemwita Nasor kwa jina la babu yake, akaiweka finjani yake chini. Na wengine wakaweka. Hawa wamezaliwa hapa, hawa hawakuhitaji kufundishwa.

"Baba," akasema kwa adabu, "hatunywi mpaka utuahidi kwamba unakwenda kwa meneja leo."

Nilikivua kilemba nikakipakata. Niliwatazama mmoja mmoja, wanangu wazuri, wenye kanzu nyeupe na mikono laini kama yangu. Harith hakuwapo, alikuwa juu ya paa la mtu, kwenye jua. Niliziangalia zile finjani, nikangoja, mpaka mvuke ukakatika.

"Imepoa," nikamwambia binti yangu. "Kaimwage. Tia maji ya chai motoni, na tangawizi usiionee huruma."